Mama Aliyekataza Kirundi Shambani Kwake

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini asubuhi, kwa saa yangu ya mkononi niliyoilinganisha na redio, wanawake saba kutoka kambi ya wakimbizi wa Burundi waliposimama kwenye mpaka wa shamba la jirani yangu kuomba kibarua. Banda langu la kutengenezea baiskeli lilitazamana na shamba hilo, njia tu katikati, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Mwaramutse, mama," walimsalimia kwa pamoja.

Yeye alikuwa ameinama, anafunga jembe kwenye mpini. Hakuinuka.

"Shambani kwangu ni Kiswahili."

Walitazamana. Mmoja, aliyekuwa na mtoto mgongoni, akajaribu: "Shikamoo."

"Marahaba. Mnataka kulima?"

"Kurima, ndiyo. Kurima."

"Basi mtalima, mtakula, na jioni mtabeba mihogo. Lakini humu ndani ni Kiswahili tu. Asiyekijua anyamaze."

Kwa msomaji asiye wa Ngara, lazima nieleze kwa nini jambo hilo lilinishangaza. Sisi ni Wahangaza. Kihangaza na Kirundi ni lugha zinazoelewana bila mkalimani. Mrundi akivuka mpaka asubuhi, mchana anaweza kumtania muuza ndizi wetu. Kiswahili kwetu ni lugha ya shule, soko na ofisi. Huyu mama mwenyewe alikisema taratibu, akichagua maneno kama mtu anayepita kwenye tope. Na wale wanawake, wakati huo, Kiswahili chao kilikuwa maneno kama arobaini. Kuwaambia waseme Kiswahili ilikuwa sawa na kuwaambia wanyamaze.

Nikampigia kelele kutoka bandani: "Mama, umefungua shule?"

"Wewe tengeneza baiskeli," akanijibu.

Siku ile niliandika kwenye daftari langu kwamba jirani yangu ana majivuno. Nimekuwa na tabia ya kuandika mambo tangu nilipoacha shule darasa la saba na kuamua kujisomesha mwenyewe. Daftari lile ninalo bado, na sentensi ile sijaifuta, ili inikumbushe.

Kila mtu alimwita Mwenye Shamba, ingawa kijijini kila mtu alikuwa na shamba. Nadhani ni kwa sababu ya namna alivyolima. Alikuwa na fimbo ya tete yenye urefu wa hatua mbili, na kila asubuhi alipima kwa fimbo hiyo kipande cha kila kibarua na kuchomeka kijiti mwishoni. Kipande chake mwenyewe kilikuwa sawa na chao. Alianza nao, akamaliza nao, na hakuna siku niliyomwona amesimama kivulini akisimamia watu.

Saa sita aliwapikia, naye akala nao kwenye sinia moja. Matajiri wengine wa kijijini waliwapa vibarua wao chakula pembeni, juu ya majani. Yeye alisogeza nyama, siku ikiwapo, upande wa wenzake, kwa kidole, bila kuwatazama.

Yule mwenye mtoto mgongoni alipewa kipande kilicho pungufu. Nililigundua hilo siku ya nne, nikitazama vijiti kutoka bandani. Chake kilikuwa karibu kuliko vingine kwa fimbo mbili nzima. Wenzake nao waligundua.

"Mama," mmoja alilalamika, "kijiti cha huyu hapa, cha mimi kule!"

"Kuku wamekisogeza."

"Kuku kila siku?"

"Kuku wa Ngara ni wasumbufu. Lima."

Basi ndivyo alivyokuwa. Mkono wake ulikuwa laini na ulimi wake mgumu, na mimi niliona tu ulimi.

Habari ya mume wake ilijulikana na kijiji kizima. Zamani, vijana wetu wengi walikwenda Buganda kutafuta kazi kwenye mashamba ya watu, miwa hasa na kahawa, wakirudi baada ya mwaka au miwili na blanketi, baiskeli na suruali mpya. Mume wa Mwenye Shamba alikwenda pamoja nao. Wenzake wengine walirudi na wengine hawakurudi. Yeye alikuwa kati ya wasiorudi, na barua haikuja, na mtu wa kusema nimemwona hai au nimemzika hakuja. Wanawake wa kambini walipoanza kulima kwake, miaka ilikuwa imefika ishirini na mmoja.

Lakini Mwenye Shamba alimtaja kama mtu aliyetoka kwenda kusaga mahindi. Ukimpelekea kunde alisema: "Mzee hapendi kunde, lakini mimi nitakula." Mgeni akiuliza mwenye mji yuko wapi, alijibu: "Yuko Buganda, kazini." Shemeji yake, mdogo wa mume, mtu wa pombe na maneno mengi, alimchokoza mara kwa mara njiani.

"Shemeji, kazi gani hiyo isiyo na likizo?"

"Na wewe una likizo ya maisha. Kalime."

Kwetu mtu akifia mbali na mwili usipopatikana, huzikwa mgomba badala yake. Hukatwa shina moja, hufungwa kwenye mkeka, huchimbiwa kaburi, watu hulia, na baada ya siku za matanga mke anakuwa mjane kama wajane wengine. Wazee walimshauri afanye hivyo mara tatu, kwa ninavyojua. Mara zote tatu alikataa. Kuna waliosema anashikilia ardhi ya mume. Kuna waliosema amerogwa. Mimi sikumwelewa.

Sheria ya Kiswahili ilidumu zaidi ya mwaka. Wale saba wakawa watano, kisha sita. Mmoja wao alikuwa mwanamke mrefu aliyekuja baadaye, mwenye kitenge cha kijani kilichofifia. Alilima haraka kuliko wote, na alikuwa na desturi ya kusimama mwisho wa kipande chake na kutazama njia, hata kama hakuna mtu anayepita.

Mchana mmoja mvua kubwa iliwakimbiza wote kwenye kibanda cha Mwenye Shamba cha kuwekea maharage. Paa la banda langu lilikuwa linavuja, nikakimbilia huko pia. Mwenye Shamba alikuwa na ungo magotini, anachambua maharage ya jioni. Wanawake walikaa kimya kama sheria ilivyotaka. Yule mrefu alikuwa karibu na mlango, akitazama njia ndani ya mvua.

"Unamngoja nani wewe kila siku?" Mwenye Shamba alimuuliza, kwa Kiswahili. Lilikuwa swali la kupitisha muda tu.

"Mume wangu. Amepotea."

"Wapi?"

"Kuvuka. Watu wengi. Mimi mbele, yeye nyuma. Miaka mitatu." Akatafuta neno, akalikosa. "Mimi... mjane, hapana. Mke, hapana."

Kiswahili chake kiliishia hapo. Akageuka, akamtazama Mwenye Shamba usoni, na akaendelea kwa Kirundi.

Alisema kwamba kambini wajane hukaa na wajane na wake hukaa na wake, naye hajui akae wapi. Alisema waandikishaji wakimuuliza kama ameolewa, mwezi huu anasema ndiyo, mwezi ujao anasema hapana, na kila jibu linamfanya ajione mwongo. Alisema kila jioni anaacha sehemu ya mume chunguni, na alfajiri, watu hawajaamka, anaila mwenyewe kwa aibu, kama mwizi.

Nilikuwa natazama mikono ya Mwenye Shamba. Haikusimama. Iliendelea kuchambua, lakini alikuwa anatupa maharage mazuri chini na kubakiza vijiwe kwenye ungo. Kisha akasema, kwa Kihangaza, lugha ambayo hatukuwa tumeisikia shambani mwake tangu wale wanawake waje:

"Na wewe unaila alfajiri?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikuwa nampa mbwa. Mbwa akafa. Ndipo nikaanza kuila mwenyewe."

Walitazamana. Kisha yule mrefu akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa kitenge, na Mwenye Shamba naye akacheka mpaka ungo ukamwagika, na katikati ya kicheko niliona wote wawili wanalia. Wale wengine hawakujua wafuate lipi. "Ihangane," Mwenye Shamba alimwambia, neno ambalo pande zote mbili za mpaka humwambia aliyefiwa ili ajipe moyo. "Ihangane, mwanangu." Nilikuwa jirani yake kwa miaka tisa. Habari ya chungu sikuwa naijua.

Maharage ya jioni ile yalikuwa na mawe. Tuliyala na hakuna aliyelalamika.

Siku chache baadaye nilimuuliza kwa nini alikuwa amekataza Kirundi.

"Kwa Kiswahili nasikia kwa masikio. Kwa lugha yetu nasikia mpaka tumboni. Wanawake sita, kila siku, kila mmoja na wake. Ningelima saa ngapi?"

"Na sasa?"

"Sasa nimeshasikia. Imekwisha."

Haikuwa imekwisha. Tangu siku ile wale wawili walichukua vipande vinavyopakana, na shamba lile likawa na kelele kuliko soko. Walisimuliana mambo madogo: namna mume wa huyu alivyokoroma, namna wa yule alivyokuwa mbahili wa chumvi. Mwenye Shamba alikuwa na umri wa kumzaa yule mrefu, lakini wakizungumzia waume zao walikuwa kama wasichana wa rika moja. Nilimwona anatembea haraka zaidi. Aliikandika nyumba yake kwa udongo mpya. Nilikuwa nimedhani kusikia huzuni inayofanana na yako huongeza mzigo juu ya mzigo, na kitabu kimoja au viwili nilivyosoma vilidokeza hivyo. Kwa huyu nilichokiona kilikuwa kinyume chake.

Msimu mmoja ulipita. Wazee wa kambini wakamwambia yule mrefu kwamba muda umetosha, amzike mumewe, apumzike. Lakini kambini hakukuwa na mgomba wa kuzika, wala ardhi ambayo mtu angeiita yake.

"Mzike hapa," Mwenye Shamba alimwambia. "Kona ile, karibu na njia."

"Na wako, mama?"

"Wako kwanza. Wangu nitamzika mwezi wa tano, mvua ikiisha."

Aliyasema mbele yangu, kwa sauti ya mtu anayepanga siku ya kuvuna. Baada ya miaka zaidi ya ishirini, alikuwa amekubali. Nilirudi bandani na nikashindwa kukaza hata spoku moja.

Mimi na mwanamume mwingine tulichimba kaburi. Mwenye Shamba mwenyewe alikwenda kukata mgomba, na hapo akafanya kosa ambalo mkulima wa ndizi hafanyi akiwa na akili zake. Shina la kuzikwa hukatwa juu ya tunguu, ile sehemu ya chini inayotoa machipukizi. Yeye aling'oa lote, tunguu na mizizi, akalifunga kwenye mkeka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Sidhani aliona anachofanya. Tukazika. Wanawake wakalia kilio cha kwao, na ukifumba macho usingejua ni cha Ngara au cha ng'ambo.

Wiki ya tatu chipukizi likatokea juu ya kaburi, kijani na limejisokota kama sigara. Mwenye Shamba aliliona kabla vibarua hawajafika, akalikata kwa panga. Akaniona ninamtazama.

"Hujaona kitu."

"Mama, ni tunguu tu. Litachipua, hiyo ndiyo kazi yake."

"Unanifundisha migomba? Nilikuwa ninaipanda hujazaliwa. Najua ni tunguu. Yeye ataona ni mumewe anakataa kuzikwa, na ataanza tena kutazama njia. Ndiyo kwanza ameanza kulala usingizi."

Alilikata mara tatu.

Mwezi wa nne, siku ya Alhamisi, yule mrefu alikuja mbio bila jembe, amemshika mkono mwanamume mwembamba aliyevua kofia. Ofisi ya kutafuta ndugu pale kambini ilikuwa imempata kwenye kambi nyingine upande wa Kibondo, akaletwa kwa lori kupitia Nyakanazi. Miaka yote minne alikuwa mwendo wa siku moja kwa gari.

Mwanamume yule aliinama mbele ya Mwenye Shamba kwa heshima na kusema: "Mama, nimesikia umenizika vizuri. Naomba kuona kaburi langu."

Tulikwenda wote. Wiki ile Mwenye Shamba hakuwa amepita konani, na chipukizi lilikuwa limefika magotini.

"Ee, tazameni!" akasema yule bwana. "Nimeota!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwenye Shamba alicheka kuliko wote. Akawachinjia jogoo, akawapa mkungu wa ndizi, akawasindikiza mpaka njia panda. Aliporudi alikaa kwenye gogo mbele ya banda langu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nimefurahi," aliniambia. "Nimefurahi kweli, usiandike vinginevyo."

"Siandiki, mama."

"Lakini tulikuwa wawili. Sasa nimebaki mmoja." Akaelekeza kidole konani. "Na mimi nilikuwa ninamkatakata, mtu mzima, mzima kabisa, yuko Kibondo anakula ugali. Kama wa kwake alikuwa hai, wa kwangu nitamzika kwa ushahidi gani?"

Mwezi wa tano ulifika, mvua ikaisha, na hakuzika. Sheria ya Kiswahili haikurudi, lakini aliacha kuchukua kipande kinachopakana na mtu. Yule mrefu aliendelea kuja na mumewe, wakalima pamoja, na nilimsikia siku moja akimwomba Mwenye Shamba wazungumze kama zamani. "Tutazungumza nini?" alijibiwa, kwa upole. "Wewe unaye. Nenda kampikie."

Mwaka uliofuata nilihamia Biharamulo mjini, ambako wateja wa baiskeli walikuwa wengi zaidi. Habari za kijijini nilizipata kwa vipande, na za Mwenye Shamba nilisikia moja tu: kwamba ameuza mbuzi wawili na ameondoka bila kuaga.

Nilimwona kwenye stendi ya Biharamulo asubuhi moja, amekaa juu ya mfuko wake, anasubiri gari la Ngara. Alikuwa amepungua, na viatu vyake vilikuwa vipya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa. Baiskeli zinalipa."

"Unatoka wapi?"

"Buganda. Kazini kwa mzee."

Nilikaa chini. Akanisimulia kwa mpangilio, kwa Kihangaza, bila kupandisha sauti. Alikuwa ameuliza shamba hadi shamba wanakokaa Wahangaza wa zamani, siku kumi na moja, mpaka akaelekezwa kwa mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye miwa pamoja na mume wake. Mume alikufa kwa homa katika mwaka wake wa pili. Wenzake wachache waliokuwa bado naye walimzika mwisho wa shamba la miwa, wakaapa kwamba wa kwanza kurudi nyumbani atapeleka habari.

"Na hakuna aliyerudi?"

"Huyu mzee ndiye aliyekuwa wa kurudi kwanza. Nilipokuwa ninamweleza nilivyongoja, habari za chungu, habari za mbwa, alianza kulia kabla sijamaliza. Nikamwambia, mzee, mbona unalia wewe, mume ni wangu? Akasema, 'Na mimi nina mke Rulenge.'"

"Ulifanya nini?"

"Nilishika fimbo. Kweli kabisa, nilitaka kumpiga. Halafu nikakaa, nikamsikiliza mpaka jioni. Mwaka wa kwanza hakuwa na nauli. Mwaka wa pili aliona aibu kurudi mikono mitupu. Wa tatu akapata mwanamke, wakaja watoto. Kila mwaka aibu inaongezeka, na kila mwaka anasema mwakani. Anasema akiona mwanamke amebeba jembe hugeuza uso." Alinyoosha kitenge chake. "Sikujua kwamba hata upande ule kuna mtu anakaa macho. Miaka yote nilidhani mwenye kungoja ni mimi tu."

"Umemsamehe?"

"Si mume wangu, nimsamehe nini? Nimemwambia anipe jina la mkewe na la kitongoji. Leo nitashuka Rulenge. Mama yule akitaka kulia atalia, akitaka kutukana atatukana, lakini atajua. Kisha nitakwenda nyumbani kumlilia wangu. Matanga ni wiki ijayo. Uje."

"Nitakuja."

Akafungua fundo kwenye pindo la kitenge, akatoa kifurushi cha karatasi ya nailoni iliyozeeka. Ndani yake kulikuwa na noti za Uganda na sarafu chache. Yule mzee alikuwa amezitunza tangu siku ya mazishi, bila kuzigusa hata wakati wa njaa. Ilikuwa nauli ambayo mume alikuwa anaiweka kidogo kidogo ili arudi.

"Wewe unasoma," alisema. "Zinafaa kitu?"

Niliziangalia moja moja. "Hapana, mama. Pesa hizi zilibadilishwa zamani. Hata mpakani hawazichukui."

"Nilijua. Hesabu hivyohivyo. Nataka kujua alikuwa amefika wapi."

Nilihesabu mara mbili, nikimwekea kila noti gotini kwake. Zilikuwa shilingi mia mbili sabini na tano.